Binti yangu kaambiwa wimbo wetu wa taifa ni wa kuazima. Nimjibu nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Muscat na mume wangu na watoto wawili. Binti yetu ana miaka 14. Shuleni kwao kuna siku ya mataifa, na kila mwanafunzi ameambiwa apeleke muziki mmoja 'wa taifa lake' na aeleze kwa nini ni wa taifa lake. Basi nyumbani ikawa vita. Mume wangu, mtu wa Morogoro, anasema apeleke dansi. Mama mkwe, Mzaramo wa Kisarawe, anapiga simu kutoka nyumbani kwamba dansi ni mambo ya vilabuni, mtoto apeleke mdundiko. Binti mwenyewe anataka singeli, na mimi kusema kweli naona aibu, maana singeli naijua ni ya vigodoro na uswahilini. Nikapendekeza taarab, jirani yangu Mwomani aliyezaliwa Unguja akacheka: 'Hiyo yetu sisi.' Nikasema basi aimbe wimbo wa taifa yaishe. Kesho yake akarudi analia. Mkenya wa darasani kwao kamwambia wimbo wetu wa taifa ni wa Afrika Kusini, na dansi yetu ni ya Cuba na Kongo. Nikatafuta mwenyewe, nikakuta hakusema uongo. Sasa nauliza: tuna chetu kweli? Na haya tunayoambiwa, kwamba muziki ulijenga taifa, ni kweli au ni hotuba tu? Baba mkwe, Mungu amrehemu, alituachia mfuko wa kaseti na mikanda miwili mikubwa ya duara. Labda jibu limo humo, lakini hatuna hata mashine ya kusikilizia."

Marahaba dada yangu, na umpe pole binti. Swali lako ni mawili katika moja. La kwanza ni la asili: kitu kikitoka kwa mwingine, kinaweza kuwa chetu? La pili ni la kazi: muziki hufanya nini hasa mpaka mtu wa Kigoma na mtu wa Lindi, ambao hawajawahi kuonana, waanze kusema "sisi"? Watu wengi hukimbilia la kwanza na kupekua nasaba, utadhani muziki ni ng'ombe wa mahari na lazima ijulikane katoka zizi la nani. Kwangu mimi la pili ndilo linalolijibu la kwanza. Lakini tuanze na huyo kijana Mkenya, maana ndiye aliyemliza mtoto.

Alichosema ni kweli, ila kaishia katikati. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, mtu aliyekuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo za kwaya. Alifariki 1905. Mwaka 1912 wimbo huo uliimbwa kwenye mkutano wa kuanzishwa kwa chama kilichokuja kuitwa ANC, na 1925 chama kikaufanya wimbo wake rasmi. Sasa endelea na hesabu. Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa siku ilipopata uhuru, Desemba 1961, kwa maneno ya Kiswahili. Afrika Kusini yenyewe haikuuimba kama wimbo wa taifa mpaka 1994, na 1997 ndipo ulipounganishwa na wimbo wa zamani wa Makaburu ukawa mmoja wenye lugha tano. Kwa miaka 33, wakati serikali ya kwao ikiuona kuwa wimbo wa wapinzani, watoto wetu waliuimba mbele ya bendera kwenye paredi ya asubuhi. Wapigania uhuru wa ANC walipofikia Kongwa, na baadaye Mazimbu, hapo hapo Morogoro kwa mumeo, walikuta nchi nzima inaimba tuni yao bila kujificha. Zambia nayo ikaichukua tuni hiyo hiyo mwaka 1964, ikaweka maneno yake.

Kwa hiyo neno "kuazima" halitoshi hapa. Hatukuuchukua kwa kukosa watunzi. Tuliuchukua tukijua ni wa nani, kwa sababu tulikuwa tunasema jambo: uhuru wetu haujakamilika wengine wakiwa kifungoni. Binti aangalie tu mpangilio wa beti. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika, na Tanzania inasubiri mpaka ubeti wa pili. Ni nchi chache zinazojiweka nyuma ndani ya wimbo wao wenyewe.

Na huyo kijana ana haki ya kujivunia wimbo wa kwao, umpe hiyo haki. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama kumbembeleza mwana. Ni uchaguzi mzuri kupita kiasi. Lakini mama wa Kipokomo aliyeuimba zamani hakuwa akiiimbia Kenya, alitaka mtoto alale. Uligeuka wimbo wa Kenya mwaka 1963, kamati ya watu watano, mmoja wao Mwingereza Graham Hyslop, ilipouchukua, ikaupangia sauti na kuutungia maneno. Hata cha nyumbani, basi, lazima mtu akiokote akifanyie kazi ndipo kiwe cha taifa. Wamarekani ndio usiseme. Tuni ya wimbo wao wa taifa ilikuwa ya klabu ya mabwana wa London, na maneno yaliyowekwa juu yake mwaka 1814 yanasimulia mizinga ya Waingereza hao hao.

Twende kwenye dansi, ambako ndiko penye nyama.

Tena tunaambiwa ni ya Cuba na Kongo. Ni kweli tulisikiliza sana santuri za Cuba, zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Morogoro ya mumeo ilikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya marehemu Salum Abdallah, jina halikufichwa. Lakini santuri zilikuta watu wenye desturi yao. Kabla yake kulikuwa na beni, ngoma iliyozaliwa miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, watu wakiigiza bendi za kijeshi za wakoloni kwa tarumbeta, sare na vyeo, nusu kwa kupenda na nusu kwa kudhihaki. Askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliisambaza bara. Kwa hiyo Dar es Salaam Jazz ilipoanzishwa 1932, kitu kipya kilikuwa magitaa na madaha ya ukumbini. Kushindana kwa vikundi, kuwa na mashabiki, kubuni mtindo na kuupa jina, hayo watu walikuwa wakiyafanya tangu kwenye beni na ngoma.

Bendi za mwanzo za mjini hazikuwa za taifa hata kidogo. Zilikuwa za watu wa kwao. Western Jazz ya Dar es Salaam ilianzishwa na watu waliotoka magharibi, upande wa Unyamwezi. Kulikuwa na Kilwa Jazz, na Rufiji Jazz. Mtu akifika mjini na sanduku lake, bendi ilikuwa kama chama cha kuzikana, anakutana na wa kwao. Mumeo akikwambia dansi iliunganisha makabila, mwambie mwanzoni ilikuwa inawakusanya kwa makundi makundi.

Kilichobadilisha ni mshahara. Naliona hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, kikawaajiri wanamuziki kama kinavyoajiri makarani: mshahara wa mwezi, na vyombo ni mali ya mwajiri. Wengine wakaiga. Polisi, Magereza na JKT wakawa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, kiwanda cha kukata almasi cha Iringa kikawa na Tancut Almasi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafiri, kisha ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Ukishakuwa na mwajiri, hukusanyi watu wa kijiji chako. Unamtafuta mpiga solo hodari popote alipo, awe wa Tanga au wa Tabora, na ukikosa unamnyang'anya bendi nyingine usiku kwa kumwongezea dau. Ndani ya miaka michache jukwaa moja lilikuwa na watu wa mikoa sita, na lugha waliyoelewana ilikuwa moja. Hawakuimba Kiswahili kwa sababu ya amri peke yake. Wangeimba nini kingine, wakati hata mpiga besi hakijui Kinyamwezi?

Na taifa lilivyobadilisha majina, bendi ilibadilika nalo. NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, kwa kufuata majina ya chama cha wafanyakazi, mpaka watu wakachoka wakaiita kwa jina la mtindo wake tu: Msondo Ngoma. Hapa nina ujumbe kwa mama mkwe. Msondo ni ngoma ya unyagoni, ya kwao hukohuko Uzaramoni. Na mtindo wa wapinzani wao Mlimani Park, Sikinde, umechukua jina la ngoma ya Wazaramo pia. Bendi mbili kubwa kuliko zote, zilizogawa mashabiki kama Simba na Yanga, zote zilikwenda kubisha hodi kwa bibi wa Kisarawe kutafuta jina. Aliyesema ni mambo ya vilabuni amwombe radhi mwanawe.

Redio ikamaliza kazi. Matangazo yalianza Dar es Salaam 1951, na tangu 1965 ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bara hakukuwa na kituo kingine mpaka miaka ya 1990. Bendi zilirekodi kwenye studio ya redio hiyo, na nyimbo zikatoka humo kwenda nchi nzima kwa wakati mmoja. Mimi nimekulia Singida, na redio ya mtaa ilikuwa ya jirani yetu fundi cherehani, aliyekuwa akianika betri juani zipate nguvu za mwisho. Wimbo mpya ukipigwa jioni ile, tulijua kwamba hata kule Mtwara mtu anausikia sasa hivi, si kesho. Salamu zilitusaidia kuamini hivyo: mtu wa Nachingwea anamsalimia shemeji yake wa Geita, kisha anachagua wimbo, na wewe wa Singida usiyewajua wote wawili unaucheza. Hiyo ndiyo kazi uliyouliza, dada yangu. Taifa ni watu wengi mno kujuana. Muziki huwapa jambo la kufanya kwa pamoja kwa wakati mmoja, kwa lugha moja, bila kukutana. Ukirudiwa miaka ishirini, mtu hakumbuki tena kwamba alifundishwa kuwa "sisi".

Kuna dhana nataka kuivunja hapa, nayo ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na nyimbo za kusifu nchi. Zilikuwepo, nyingi sana, na kwaya ziliimba kila sherehe. Lakini kaa na wazee usiku mmoja uone wanaimba nini bila kuombwa. Wanaimba mke aliyeachwa, mawifi wenye maneno, mshahara ulioisha tarehe kumi, ndugu aliyefanikiwa akasahau nyumbani, mgonjwa aliyekimbiwa. Nyimbo za dansi zilikuwa baraza la usuluhishi. Watu wa makabila zaidi ya mia walijikuta wanabishana juu ya ndoa ileile ya kwenye wimbo, nani ana makosa, mume au mke. Kwa maoni yangu kubishana huko kulifanya zaidi ya paredi kumi. Huwezi kugombana na mtu kuhusu heshima ya mama mkwe kama hamna maisha ya aina moja.

Sasa upande wa serikali, kwa haki. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalalamika bungeni kwamba wengi wetu tunajua kucheza dansi za kigeni lakini hatujui ngoma za kwetu kama gombe sugu na lelemama. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Nia ilikuwa njema na jeraha lilikuwa la kweli. Tatizo ni kwamba ngoma iliyokuwa ya mavuno au ya jando ikikatwa iwe dakika nane za kumpokea mgeni uwanja wa ndege, inabaki miondoko. Watu waliipigia makofi, wakarudi kwenye dansi. Wakati mwingine nia njema ikageuka fimbo: Novemba 1969 mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, mwaka uleule vijana walipokuwa wakisumbuliwa mitaani kwa sketi fupi na suruali za kubana. Vijana hawakuacha kuusikiliza, wakausikilizia ndani.

Na wanamuziki walilipa gharama. Redio ilikuwa na mikanda yao, na wao walikuwa na sifa. Hakukuwa na kiwanda cha santuri nchini, kwa hiyo aliyetaka kutoa santuri alitazama Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, ambaye naamini ndiye aliyemo kwenye zile kaseti za baba mkwe, maana mzee wa Morogoro bila Mbaraka hakamiliki, alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970 kuiwakilisha Tanzania. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Ukisema muziki ulijenga taifa, kumbuka pia nani hakulipwa kwa ujenzi huo.

Wakongo walileta mengi, hilo halina ubishi, wala si la kuonea haya. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akaja Dar es Salaam 1978, akaimba Kiswahili chenye lafudhi ya kwao juu ya umaskini na kifo mpaka watu wakamwona wao. Redio ilikataa kupiga wimbo wake uliozungumzia kondomu wakati UKIMWI ukimaliza watu. Leo daladala zina kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Huyo mtoto wa darasani akisema "ya Kongo", muulizeni kituo hicho kiko Kinshasa?

Kuhusu taarab na jirani yako, msigombane, kikombe cha kahawa kinatosha. Ni yake na ni yako. Sultani Barghash aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888 ndiye aliyetamani muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim kusoma Cairo. Kwa hiyo kama ni ya Waarabu, ni ya Wamisri, na Omani nayo inabaki mgeni kwenye karamu hiyo. Mwanzoni iliimbwa Kiarabu, kwa wakubwa. Aliyeigeuza ni Siti binti Saad wa Fumba, mwanamke wa nasaba ya kitumwa, aliyeiimba kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, upande wa wanyonge nje ya Mji Mkongwe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na zikasikika pwani nzima na mpaka bara. Kwa Waunguja waliohamia Muscat baada ya Mapinduzi ya 1964, taarab ni kumbukumbu ya nyumbani. Muziki unaweza kuwa wa taifa na pia wa watu walioondoka kwenye taifa hilo, kila mmoja na kidonda chake. Jirani akicheka, labda anacheka asilie.

Nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikuonyeshe na ubaya. Nguvu ileile ya kusema "sisi" inaweza kusema "wao". Rwanda, nyimbo za Simon Bikindi zilipigwa sana kwenye redio ya RTLM wakati wa mauaji ya 1994. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani kilikuwa maneno ya uchochezi aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti, lakini mahakama ilisema pia kwamba nyimbo zake zilichochea chuki. Redio moja, lugha moja, wakati mmoja: mtambo ule ule niliousifu hapo juu. Ndiyo maana sipendi mtu anaponiambia muziki hujenga taifa, akakomea hapo. Muulize unajenga nini, na nani kaachwa nje ya mlango.

Sasa tumfikie binti na singeli yake, na samahani dada, hapa siko upande wako.

Mama mkwe anajua mdundiko. Ni ngoma ya kutembea, watu wanaifuata mtaa hadi mtaa, na watoto wa Dar es Salaam tangu zamani wameonywa wasiifuate wakapotea. Vijana wa uswahilini wa Dar waliichukua midundo hiyo na ya chakacha, wakaongeza kinanda kidogo cha umeme na vipaza sauti vya kupasua masikio, ikawa mchiriku. Mchiriku ukaingia kwenye kompyuta, ukachanganywa na vipande vya taarab, ukaongezwa kasi hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ikawa singeli. Mjukuu na bibi wanagombea kitu kimoja bila kujua. Ukiacha mdundiko wenyewe, kati ya vyote mlivyovitaja mezani singeli ndiyo iliyoazima kidogo zaidi kutoka ng'ambo. Aibu unayoiona ni ile ile waliyokuwa nayo watu wa heshima juu ya dansi, na kabla yake juu ya beni, na waungwana wa Unguja juu ya mwanamke wa Fumba kusimama kuimba. Sisemi kila singeli inafaa shule. Maneno ya nyingine hata mimi mtu mzima nainamisha kichwa. Chagueni iliyo safi, au mdundo mtupu usio na maneno.

Kama ni mtoto wangu, ningemwacha apeleke singeli, ila aianzie kwa bibi. Ampigie simu amrekodi akiimba au akipiga kijiti tu mdundo wa mdundiko, sekunde thelathini zinatosha, kisha aweke singeli juu yake. Darasa litasikia lenyewe. Dansi nayo ina faida yake: ni nzuri kusikiliza, ina baba yake ndani, na inaeleza historia ya nchi kuliko zote. Hasara ni kwamba atakuwa anasimulia mapenzi ya babu, na watoto wenzake watamwona hivyo. Taarab ingempa jirani wa kumfundisha karibu. Wimbo wa taifa ningeuacha, si kwa sababu ya yule kijana, bali kwa sababu wimbo wa taifa haujielezi. Unasimama tu. Lakini mwisho aamue yeye. Akibebeshwa wimbo asioupenda ili aiwakilishe nchi, atajifunza kwamba nchi ni mzigo.

Mambo mawili hayatibiki kwa barua. Kama maneno ya darasani yamekuwa desturi, anachekwa kila siku kwa utaifa wake, usimtume na hoja za historia. Nenda shuleni mwenyewe ukaonane na mwalimu wake uso kwa uso. Na kama binti ataka kucheza ngoma yenyewe, asijifunzie kwenye simu. Likizo mkirudi, bibi yupo Kisarawe, na Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa, TaSUBa, yenye walimu wa ngoma wanaoona mguu ukikosea.

Halafu ule mfuko wa baba mkwe. Tafadhali msinunue mashine mbovu ya mtumba mkaanza kujaribia mikanda humo. Kaseti iliyokaa miaka thelathini inaweza kuwa imeshika ukungu au imegandana, na mashine chakavu huitafuna mara moja tu, basi. Iwekeni mahali pakavu pasipo joto, mbali na spika, na joto la huko Muscat nalijua. Mikanda ya duara msiiguse kabisa. Mtafute fundi wa sauti mwenye mashine iliyosafishwa, mwonyeshe kwa mkono wako, na umwombe ainakili kwenye kompyuta mkiwa mmekaa naye. Kabla ya hapo piga picha kila jalada na mwandiko wa mzee, na mumpigie simu mama mkwe awatajie majina ya waliokuwa wakicheza naye enzi hizo, maana fundi hawezi kulinakili hilo.

Na fundi akiwaambia atasafisha kelele, mwambieni nakala ya mwanzo aiache kama ilivyo. Wazee wengi walirekodi kwa kuiweka kaseti mbele ya redio. Mtasikia mtangazaji akikatwa katikati ya jina la mtu anayesalimiwa, jogoo nyuma ya gitaa, mtu mlangoni anapiga hodi, na pengine sauti ya baba mkwe akiwaambia watoto wanyamaze, wimbo unaanza.